Pesa ya umma na nyumba yako Kigoma Ujiji: nani hasa anafaidika, na wewe upite mlango gani

Kila Julai, bajeti mpya ikishaanza kutembea, lazima mtu apite kibarazani kwangu hapa Ujiji na swali lile lile: "Mwenyekiti, eti pesa za nyumba zimetoka?" Mimi si mwenyekiti. Nilikaa kwenye serikali ya mtaa muhula mmoja tu, nikiwa mjumbe, ila jina limeninasa. Na jibu langu halijawahi kubadilika: hakuna dirisha linaloitwa pesa za nyumba.

Hilo tulimalize mapema. Halmashauri zetu hazina mfuko wa kumlipia mtu kodi ya chumba wala wa kumjengea nyumba kwa sababu tu ni maskini. Hata sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wapatane wenyewe. Kilichopo ni pesa ya umma inayoifikia nyumba kwa pembeni, na kila njia ina ofisi yake na watu wake. Watu wengi hukosa kwa sababu wamekaa foleni kwenye ofisi isiyo yao, na wengine kwa sababu jina halikuwa kwenye daftari siku lilipofunguliwa.

Mwongozo huu ni wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, lakini wa Kasulu, Uvinza au Tabora atauelewa, maana sheria ni zile zile. Ukiwa kijijini, paliposemwa mtaa wewe soma kijiji.

Kabla ya yote: karatasi

Nimeona zaidi ya mara moja mtu mwenye haki kabisa akipitwa na mwenye faili. Siku moja nilikaa na bibi mmoja wa jirani, akafungua bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya godoro. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Ni mauziano ya kiwanja chake, wino wa buluu umefifia, mashahidi watatu. Wawili walishafariki, wa tatu alihamia Mpanda. Hiyo ndiyo hati yake, na nyumba imesimama miaka thelathini na zaidi.

Kama karatasi yako ni ya aina hiyo, fanya haya mwezi huu, usisubiri mradi upite. Piga picha karatasi pande zote mbili, umtumie na mtoto wako mmoja anayeishi mbali. Toa kopi mbili. Nenda ofisi ya mtaa ukiwa na majirani wa pande zote za kiwanja, uombe barua inayosema wewe ndiye mkaaji na mmiliki unayetambuliwa, na mipaka yako ni ipi. Itakuwa na sahihi ya mwenyekiti, ya mtendaji wa mtaa, na muhuri. Hakikisha pia jina lako, si la marehemu mume wako wala la kaka yako, ndilo lililoandikwa kwenye daftari la wakazi. Kama mwenye mali ni marehemu, shughuli ya mirathi ianze sasa. Hakuna malipo ya serikali yatakayokubali maelezo ya "mimi ni mke wake, kila mtu anajua".

Kitambulisho cha taifa cha NIDA, au angalau ile namba, ndicho kinachofungua kila mlango utakaoelezwa hapa chini. Jina la NIDA likitofautiana na la kwenye karatasi ya kiwanja (hapa kwetu mtu ana jina la Kiha, la dini na la utani, na yote yameandikwa mahali fulani), pata kiapo cha kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja. Wakili yeyote atakuandikia, na mahakama ya mwanzo nayo itakuelekeza.

TASAF: pesa ya chakula inayoishia kuwa bati

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza mwaka 2000, lakini hii tunayoijua ya kunusuru kaya maskini ilikuja na awamu ya tatu, miaka ya 2012 na 2013, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Kwa karatasi, ruzuku hii haihusu nyumba. Inahusu mlo, watoto kwenda shule, wadogo kupelekwa kliniki. Lakini pita mitaa ya Buzebazeba au Rusimbi uulize bati zile mpya zilitoka wapi. Nyingi zilinunuliwa mbili mbili, baada ya kila malipo, zikalazwa chini ya kitanda mpaka zikatimia.

Viwango vya kipindi cha mwanzo vilikuwa vidogo: kaya haikuweza kuzidi Sh38,000 kwa mwezi hata iwe na watoto wangapi, na malipo yalikuja kwa miezi miwili miwili. Mama aliyeweza kutoa bati mbili humo ndani, watoto wakala na wakavaa sare, huyo ana hesabu kuliko maofisa wengi.

Namna kaya inavyoingia ni hivi. Kwanza unaitishwa mkutano wa hadhara wa mtaa. Watu wenyewe wanataja vigezo vya umaskini wa mahali pao, kisha wanataja kaya. Pili, wanakuja wadodosaji nyumba kwa nyumba na maswali marefu. Tatu, majibu yanaingizwa kwenye hesabu ya mfumo, inatoka alama. Nne, orodha inarudi mtaani na kusomwa mbele ya watu, wapinge au wakubali. Mtu akikosa mkutano wa kwanza, nafasi yake imeshaponyoka. Akikosa wa mwisho, hawezi kupinga jina la tajiri lililopenya.

Siku ya mdodosaji ndiyo siku kubwa, na watu wanaiharibu kwa njia mbili. Wapo wanaoona aibu. Mgeni anaingia, mama anaazima viti kwa jirani na kutandika kitambaa mezani, anajibu kwamba wanakula milo mitatu. Mdodosaji anaandika anachoambiwa. Wapo pia wanaodanganya upande wa pili: wanaficha redio, wanamficha na mtoto anayefanya kazi Dar. Hawa nao hunaswa, kwa sababu jirani yuko kwenye ule mkutano wa mwisho na anajua kila kitu. Jibu ukweli. Utaulizwa paa ni la nini, ukuta wa nini, sakafu ya udongo au saruji, choo cha aina gani, mnalala wangapi kwenye vyumba vingapi. Nyumba yako yenyewe ni sehemu ya ushahidi.

Hapo ndipo penye fumbo ambalo watu wa Kigoma wamelinung'unikia kwa miaka. Paa la nyasi linakuingiza kwenye mpango, ukiwekeza ukaezeka bati, unaogopa tathmini inayofuata itakutoa. Najua kaya zilizoacha bati zikipata kutu chini ya kitanda kwa hofu hiyo. Maoni yangu: ezeka. Mvua ya masika haingoji tathmini, na bati si swali pekee. Paa lako jipya juu ya sakafu ya vumbi na watoto sita halikufanyi tajiri kwenye hesabu ile. Ukitolewa kwa kuonekana umeinuka, mwombe mtendaji akueleze kwa maandishi, kisha pitia utaratibu wa malalamiko: unaanza na kamati ya usimamizi ya jamii ya mtaa wako, unakwenda kwa mratibu wa TASAF pale halmashauri. Andika tarehe uliyowasilisha na jina la aliyepokea.

Kuandikishwa ni bure. Anayetaka elfu tano ya fomu au "ya soda ya mdodosaji" ripoti yake inakwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, simu haina gharama. Na uandikishaji haufanyiki kila siku. Una vipindi vyake, kwa hiyo kazi yako kati ya kipindi na kipindi ni kuhudhuria mikutano ya mtaa. Nirudie, maana hili ndilo linalotutenganisha na pesa hizi kuliko umaskini wenyewe: mikutano. Wanaume wa mtaa wetu wako mwaloni Kibirizi asubuhi hiyo, vijana wako na bodaboda, mkutano unabaki wa kina mama ishirini na mzee mmoja. Halafu jioni lawama.

Mpangaji anaweza kuingia TASAF kama kaya nyingine yoyote. Hahitaji kumiliki nyumba. Tatizo lake ni kuhamahama. Akihama kutoka Mwanga kwenda Gungu bila kutoa taarifa kwenye mitaa yote miwili, jina linabaki kule na yeye yuko huku, na kwenye uhakiki anaonekana hayupo.

Msamaha wa kodi ya jengo: pesa ndogo ambayo wazee wanaiacha mezani

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Ilianza na Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu bajeti ya 2023/24 ni Sh1,500, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme miezi mitatu, deni la miezi hiyo linakusubiri. Ukija na elfu tano, unapata uniti kiduchu, unadhani TANESCO wamekuibia.

Sasa, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ana msamaha. Mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, vilevile. Nyumba za tope na za nyasi za kuishi nazo hazitakiwi kukatwa. Huu nao ni msaada wa umma wa makazi, ingawa hauji kama noti mkononi. Lakini mita haijui umri wa mtu, kwa hiyo usipoomba itaendelea kukata.

Utaratibu: andika barua ya kuomba msamaha, ambatanisha kopi ya NIDA (umri unaonekana humo), barua ya mtaa inayothibitisha kuwa unaishi katika nyumba hiyo na huna kipato, ushahidi wa umiliki, na namba ya mita. Mwenye ulemavu aongeze uthibitisho wa daktari au wa afisa ustawi wa jamii. Peleka halmashauri, upande wa mapato, na uulize kama barua inatakiwa ifike TRA, mamlaka ya mapato, pia. Baki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwezi unaofuata nunua umeme wa kiasi kidogo na usome ule ujumbe wa tokeni mstari kwa mstari. Kodi ya jengo ikiwa bado ipo, rudi na ule ujumbe.

Mpangaji anayenunua umeme ndiye anayekatwa, wakati mdaiwa ni mwenye nyumba. Hifadhi zile jumbe za mwaka mzima, siku ya kulipa kodi mwoneshe baba mwenye nyumba kwa heshima: "Shikamoo baba, hizi elfu kumi na nane zako nilizilipa mimi." Wengi wanakubali kuzitoa kwenye kodi. Wasiokubali, basi uamuzi ni wako.

Fidia: pesa kubwa kuliko zote, na inayopotea kirahisi kuliko zote

Kigoma inapitiwa na miradi. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ongeza barabara, bandari na uwanja wa ndege. Mtu aliyewekewa alama nyekundu ukutani, yaani nyumba yake itapisha mradi, anaingia kwenye kundi ambalo, kwa pesa inayotoka, linazidi makundi yote niliyotaja. Kwa hiyo kaa hapa kidogo.

Msingi wa haki yako ni Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 na kanuni za fidia za 2001, pamoja na Sheria ya Uthamini ya 2016. Fidia si bei ya nyumba peke yake. Ina thamani ya ardhi, thamani ya nyumba na maendelezo yote, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na kwa mfanyabiashara, faida aliyopoteza. Posho ya makazi ndiyo watu hawaijui: ni kodi ya soko ya nyumba kama yako kwa mwezi, mara miezi 36. Tuseme nyumba yako ingepangishwa Sh60,000 kwa mwezi. Hiyo posho peke yake ni Sh2,160,000, juu ya thamani ya nyumba. Posho ya usafiri kwa kanuni hizo ni gharama ya kubeba tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Kanuni zimekuwa zikirekebishwa, kwa hiyo muulize mthamini, mbele ya watu, anatumia kanuni za mwaka gani na ameweka kipengele gani kwa kiasi gani.

Siku mthamini anapokuja, kuwepo wewe mwenyewe. Usimwachie kijana wa darasa la sita. Utapigwa picha mbele ya nyumba ukiwa umeshika kibao chenye namba yako. Ikariri namba hiyo, iandike na ukutani kwa mkaa ukitaka. Tembea naye kila kona. Mwoneshe jiko la nje, choo cha zamani na kipya, shimo la maji taka, uzio, msingi wa vyumba viwili uliokwama tangu mwaka juzi (unahesabika), kaburi kama lipo, na miti. Miti jamani! Hapa kwetu mtu ana michikichi kumi na miwili nyuma ya nyumba, imemlisha na kumsomeshea watoto kwa mawese, halafu fomu inaandikwa "miti 3" kwa sababu mthamini alichoka na jua na mwenyewe hakusema. Hesabuni pamoja, kwa sauti. Mche mdogo una thamani yake, mti mkubwa una yake.

Kisha fomu. Itakuwa na sahihi yako na ya mwenyekiti wa mtaa. Usisaini yenye nafasi tupu. Isome, au mpe mtu anayesoma asome kwa sauti. Piga picha kila ukurasa kabla haijaondoka. Ndugu mmoja katika ukoo wetu alisaini fomu iliyoachwa wazi sehemu ya ukubwa wa nyumba kwa sababu afisa alisema "tutajaza ofisini". Ilijazwa kweli. Vyumba vinne vikawa viwili, na kwa kuwa hakuwa na picha, alibaki na maneno.

Baada ya hapo kuna saa inayotembea. Fidia inatakiwa ilipwe mapema; ikizidi miezi sita inaanza kudaiwa riba. Thamani iliyoidhinishwa inaishi miaka miwili tu. Ikipita hiyo hujalipwa, inabidi uthamini ufanyike upya. Kwa hiyo weka tarehe ya uthamini kwenye kalenda ya ukutani. Miezi sita ikitimia, kaya zote zilizoathirika ziandike barua moja ya pamoja, si mmoja mmoja. Barua ya watu arobaini wenye namba za vibao inajibiwa kwa namna nyingine.

Wanaokosa ni hawa. Mpangaji wa chumba: nyumba si yake, posho ya makazi inakwenda kwa mwenye nyumba. Mpangaji mwenye duka anaweza kudai faida iliyopotea, ila lazima awe na hesabu za biashara za kuonesha, na wauza duka wetu hesabu zao ziko kichwani. Halafu walioko ukingoni mwa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Tanganyika iliyopanda miaka ya karibuni imewasogelea hata waliojenga mbali, na sasa mtu aliyejenga mita themanini anaonekana yuko ndani ya sitini. Kama wewe ni mmoja wao, picha za zamani za nyumba zenye tarehe, risiti za saruji, na ushuhuda wa majirani kuhusu ziwa lilikokuwa ndizo silaha zako. Zikusanye leo.

Asilimia kumi: haijengi nyumba yako, ila inaweza kukulipa ukajenge

Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliwekwa kisheria 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, ikarudi 2024. Kigoma Ujiji ilikuwa kati ya halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki badala ya ofisi ya maendeleo ya jamii moja kwa moja. Kwa hiyo usishangae kuulizwa maswali ya kibenki.

Mkopo huu ni wa mradi wa kuzalisha. Ukiandika kwenye andiko lenu kwamba mtajengeana nyumba, utakataliwa, na ni haki. Lakini kikundi cha kufyatua matofali, cha useremala wa madirisha na milango, cha kuuza mchanga na kokoto, hivyo vinafaa, na wanachama hujenga kwa faida. Njia ni kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, na andiko la mradi linaloonesha matofali mangapi kwa siku na nani ananunua. Mwanzo wa safari ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Vikundi vya kubandika majina ya mashangazi ili kufikisha idadi huvunjika wiki pesa inapoingia, na deni linabaki kwa aliye mwaminifu.

Pesa inayoonekana kabisa: nyumba za watumishi

Ukisoma bajeti ya halmashauri na kutafuta neno "nyumba", utakutana zaidi na nyumba za walimu, za waganga na za wakuu wa idara. Kwa maana hiyo, mfaidika mkuu wa ujenzi wa nyumba kwa pesa ya umma katika eneo letu ni mtumishi. Silalamiki. Mwalimu anayeishi karibu na shule ya pembezoni ni faida ya watoto. Ila hapo kuna mlango wa pili. Miradi mingi inajengwa kwa fosi akaunti, maana yake mafundi na vibarua wanatafutwa hapo hapo mtaani. Tangazo hubandikwa ofisi ya kata. Fundi mwashi, mama wa kusomba maji, muuza kokoto wa Businde: hao ndio wanaorudi nyumbani na pesa ya saruji. Kama una ujuzi, pita ofisi ya kata kila wiki mwaka wa fedha unapoanza.

Mtumishi anayetaka nyumba ya kununua, kuna Watumishi Housing, iliyoanzishwa kwa ajili yao. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanza 1962, linapangisha na kuuza kwa yeyote mwenye uwezo, na bei zake si za mtu wa TASAF. Mikopo ya nyumba ya benki imepanuka tangu kampuni ya TMRC ilipoanzishwa 2010 kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, lakini benki inataka hatimiliki na kipato kinachoonekana. Kwa hiyo kwa wengi wetu hatua ya kwanza ni urasimishaji wa kiwanja, yaani kipimwe na kitambuliwe kisheria. Ukitangazwa mtaani kwenu, changia mapema. Anayechelewa hubaki kiraka kisichopimwa katikati ya vilivyopimwa.

Dharura, na wazee wasio na mtu

Nyumba ikiezuliwa na upepo au kuingiwa na maji, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa siku hiyo hiyo, piga picha kabla ya kusafisha. Taarifa inapanda hadi kamati ya maafa ya wilaya, inayoongozwa na mkuu wa wilaya, chini ya sheria ya maafa ya 2022. Msaada huwa wa hifadhi ya muda, chakula, mablanketi, wakati mwingine bati. Usiutarajie kuwa fidia ya nyumba nzima. Orodha ya waathirika hufungwa haraka, na aliyekuwa msibani Kasulu siku tatu huwa harudi kuikuta wazi.

Mzee asiye na ndugu wala pa kulala, njia yake ni afisa ustawi wa jamii. Serikali ina makazi ya wazee hapa Kibirizi, na Tabora kuna ya Ipuli. Anayehitaji hawezi kujipeleka peke yake: mtaa unaandika, ustawi wanachunguza kama kweli hana familia, ndipo anapokelewa. Na nyumba mnazoziona kambini Nyarugusu ni za mashirika ya wakimbizi. Haziko kwenye bajeti ya halmashauri, kwa hiyo hakuna aliyekunyima.

Jinsi ya kujua nani alipata mtaani kwako

Orodha za TASAF husomwa mkutanoni. Mapato na matumizi ya halmashauri na ya mtaa yanatakiwa kubandikwa ubaoni. Ubao ukiwa mtupu, au karatasi ni ya mwaka juzi imeliwa na mchwa, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua fupi kwa mkurugenzi: taja unachotaka (kwa mfano, vikundi vilivyopata mkopo wa asilimia 10 mwaka fulani katika kata yenu, na kiasi), weka jina lako na namba ya simu. Wana siku 30 za kukujibu. Usiandike malalamiko ndani ya barua hiyo, wala usitaje jina la unayemshuku. Barua yenye hasira hupelekwa pembeni ikajibiwe na mtu wa hasira. Chukua kopi mbili, moja igongwe muhuri mapokezi, na urudi nayo nyumbani uiweke kwenye ile bahasha ya kaki, pamoja na karatasi ya kiwanja.